Chumba cha Bunkoro

Wenzangu mnaobaki mlangoni, msimwamini mtu anayetabasamu kabla hamjamsalimia. Hilo ndilo neno langu la kuagia, na mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Mengine yote ni maelezo.

Nimekabidhi sare, redio na ile fimbo ya kukagulia, na sasa ninakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha, kwa binamu yangu nikisubiri siku ya safari. Mabegi yako tayari. Nimeyafunga kwa kamba ya ziada, maana nawajua wapakizi wa viwanja vya ndege. Siku ya kuagana baadhi yenu mlicheka mkisema Mama Mghoi hushuku hata kivuli chake. Ni kweli. Kitu kinanifuata nyuma kutwa nzima bila kujitambulisha, kwa nini nisikishuku?

Vyeo sitavizungumzia, wala mishahara, kwa kuwa mnajua ilivyo. Nitawaeleza kazi.

Nilianza hapa hapa Fereej Bin Mahmoud, kwenye jengo la ghorofa, nikiwa na meza ndogo karibu na lifti na kiti kilichopungukiwa mguu. Sikujua lolote. Nilidhani mlinzi ni mtu wa kusimama. Aliyenifungua macho ni Bi Kumari, mama wa Sri Lanka aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha. Aliniambia nisimtazame mtu usoni, kwa sababu uso umefunzwa tangu utotoni. Nitazame viatu. "Nguo inadanganya," alisema, "kiatu kinasahau." Fundi wa AC anayekuja na viatu visivyo na vumbi hata chembe hapa Doha, huyo hajapanda paa lolote. Nimewafungia nje watu wengi kwa somo hilo, na wengi wao walistahili.

Baadaye nilihamishiwa jumba la maduka kule Lusail, na kwa kuwa walinzi wanawake tulikuwa wachache, nikapewa kibanda cha kukagulia akina mama. Huko ndiko nilikokutana na mambo ya Wajapani.

Niseme wazi kwamba sikuyapenda. Mchungaji wetu alikuwa ametutumia sauti kwenye WhatsApp akisema katuni za Kijapani zimejaa pepo. Mimi sauti za WhatsApp nazishuku pia, hata za mchungaji, lakini yale macho makubwa kama visosi yalinitia wasiwasi. Mpwa wangu kule Voi alikuwa akichora ng'ombe vizuri sana. Ghafla akaacha ng'ombe, akaanza kuchora vijana wenye nywele zilizosimama kama mkonge, wanalia na kupigana. Nilimuuliza ni nani hao. Akanijibu kwa Kijapani! Mtoto wa Voi! Mtu akiingia nyumbani kwako na kubadilisha lugha ya mtoto bila kupiga hodi, una haki ya kuuliza anataka nini.

Kumbe hapa Qatar walikuwa wameshaingia zamani. Kulikuwa na tamasha katika ukumbi wa maonyesho, vijana wanavaa kama watu wa katuni hizo, na sisi wa mlangoni tulitumwa kukagua silaha zao. Ndiyo, silaha. Mapanga marefu kuliko mimi, mashoka, mundu wa kuvunia watu. Yote ya sponji, walisema. Mwenzangu mmoja Mfilipino, ambaye siku za mapumziko alikuwa akivaa vivyo hivyo yeye mwenyewe, alinifundisha kuyakagua: kunja, bonyeza, nusa. Sponji hukunjika na kurudi. Chuma hakirudi. Kilichopita tulikifunga utepe wa rangi ili wa ndani wajue kimeshaonwa. Nilikunja mapanga ya Wahindi, ya Wasudani, ya nesi mmoja Mkisii aliyeniomba nisimwambie mtu wa kanisani kwake. Siku moja akaja mzee wa Kiqatari, kanzu nyeupe safi, ameshika roboti wa plastiki aliyechakaa. Nilipomuuliza ni wa nini, alianza kuimba wimbo wa katuni ya utoto wake, iliyotiwa Kiarabu enzi hizo televisheni ilikuwa kitu kipya kijijini kwao. Aliuimba wote, palepale kwenye foleni, machozi yakimtoka. Mtu mzima. Nilimwacha amalize, kisha nikakagua sehemu ya betri mara ya pili.

Basi, ndipo Bunkoro akaja.

Bunkoro alikuwa mdoli mkubwa anayetembea, kichwa chake kama kitunguu chenye jani moja juu, tumbo la mviringo, mikono mifupi yenye manyoya. Kampuni moja ya Kijapani ilikuwa imefungua duka la vitu vyake pale Lusail, na yeye alipaswa kuzunguka, kusalimia watoto na kupigwa picha. Alikuja na msimamizi wake, Bi Ogawa, mama wa rika langu, mfupi, mnyoofu, asiyeinua sauti. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi yangu ya mwisho, ile ya kumsindikiza mdoli. Kwa sababu Bunkoro haoni vizuri, ni lazima awe na mtu wa kumshika mkono.

Amri yake ya kwanza ilinifanya nimtazame viatu. Alisema, "Ndani ya Bunkoro hakuna mtu."

Nikamwambia, "Bibi, ndani yuko msichana, Nakato. Nimetoka kumvalisha sasa hivi."

"Hakuna mtu," akarudia, bila hasira. "Kuna Bunkoro."

Alinieleza kwamba kwao kila mji una mdoli wake. Zimamoto wana mdoli, magereza yana mdoli, hata ofisi ya kodi. Watu wanawapenda, wanawaandikia barua. Nilimsikiliza nikifikiri kwamba serikali ikinitumia kitunguu chenye manyoya kuja kunichekea mlangoni, mimi nitafunga mlango. Lakini yeye alisema mambo haya kama mtu anayeeleza ibada. Mdoli hasemi kamwe. Kichwa hakivuliwi mbele ya macho ya mtu. Anayevaa hatajwi, hata kwenye ratiba. Na kadi ya kuingilia kazini, hapo ndipo nilipochukia kabisa, haikuwa na picha ya Nakato. Ilikuwa na picha ya Bunkoro.

Nilienda kulalamika kwa wakubwa wetu. Kadi isiyo na uso ni mlango usio na kitasa, niliwaambia, yeyote ataingia nayo. Waliniambia ndivyo mteja anavyotaka. Na moyoni nilishuku jambo baya zaidi: kwamba amri hiyo haikuwa kwa ajili ya watoto hata kidogo. Kama hakuna mtu ndani, basi hakuna anayetoka jasho, hakuna anayeumwa, hakuna wa kumpa pole. Nimefanya kazi Ghuba muda wa kutosha kujua faida ya mfanyakazi asiyekuwepo.

Nakato alikuwa Mganda, kijana, mpole, tulikuwa bweni moja kule Umm Salal. Aliletwa na ajensi, na ruhusa yake ya kukaa nchini ilikuwa imefungwa kwenye kazi hiyo hiyo. Msichana aliyekuwepo kabla yake alikosa zamu kwa ugonjwa wa tumbo. Ajensi ikaleta mwingine, na yeye akapandishwa ndege. Nakato alilijua hilo kuliko jina lake. Alikuwa akimsomeshea mama yake wadogo zake, na hakuwa na pa kurudia.

Sasa, shida ya Bunkoro pale Lusail haikuwa joto wala watoto wanaomvuta lile jani la kichwani. Ilikuwa swali moja. Akina mama wa Kiqatari walikuja na binti zao, na kabla ya binti kumkumbatia mdoli, mama alinisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Hurma?" Yaani, ni mwanamke? Ni swali la haki kabisa. Binti wa watu hawezi kukumbatiwa na mwanamume asiye wake, hata akiwa amevaa kitunguu. Bi Ogawa alitaka nijibu kwamba hakuna mtu. Nilijaribu mara moja, na yule mama akawageuza watoto wake na kuondoka, kwa sababu jibu kama hilo ni la mtu anayeficha kitu. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Kwa hiyo nilitengeneza jibu langu. Sikusema ni mwanamke wala sikusema hakuna mtu. Nilisema, "Nimemvalisha kwa mikono yangu." Mama alielewa, binti akakumbatia, Bi Ogawa akajifanya hajasikia. Jibu hilo lilisimama juu ya kitu kimoja tu, kwamba ni kweli. Kila siku mimi ndiye niliyefungua chumba cha Bunkoro, mimi niliyemfunga Nakato vifungo vya mgongoni na kumwekea kichwa. Na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema, tulikuwa na ishara yetu. Nikimbana kiganja, maana yake uko sawa? Akinibana mara mbili, yuko sawa. Akinibana kwa muda mrefu, anataka hewa, nami ninatangaza, "Bunkoro ana usingizi!" watoto wanasema aaah, tunarudi chumbani.

Siku ninayotaka kuwaeleza, mkuu wa zamu alinishikilia na mambo ya mfuko ulioachwa msalani. Nilipofika chumbani, nilimkuta Bunkoro amesimama mlangoni, amevaa, kichwa kimewekwa.

"Umefungwa na nani?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa upande, namna alivyofundishwa. Nje wateja walikuwa wameshajipanga, na mlinzi mwenzetu Kiprono, wa ghorofa ya chini, ananiita redioni: "Mathe, leta hiyo kitunguu, line imekuwa ndefu, madam wameanza kukasirika." Nikamshika mkono, tukatoka.

Tulikuwa bado kwenye korido nilipoanza kutopenda mambo. Bunkoro ana mwendo wake, hatua fupi, vidole ndani, Bi Ogawa alimchosha Nakato majuma kwa majuma mpaka akaupata. Huyu alikuwa anaujua mwendo, lakini kama mtu aliyesimuliwa. Nilitazama miguu. Bunkoro hana viatu, ana manyoya, kwa hiyo somo la Bi Kumari lilinitupa hapo. Nikambana kiganja. Badala ya kubana mara mbili, aliushika mkono wangu na kuutikisa, wote, mpaka kwenye kiwiko, namna wanaume wanavyosalimiana wakikutana gereji.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na sikuwahi kuwaza kwamba wangemaanisha hivi.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Umm Nasir. Nilimfahamu, mama mtaratibu, mwenye binti watatu, mkubwa wao alikuwa ameshachumbiwa. Alikuwa ameshatuzoea kiasi cha kuuliza kwa kuinua nyusi tu. Lakini siku hiyo alikuwa na wifi yake, basi akauliza kwa sauti ili wifi asikie.

"Hurma?"

Nilifungua mdomo. Jibu langu lilikuwa palepale, nimelisema mara zisizohesabika, na sikuweza kulisema. Sikuwa nimemvalisha. Binti mkubwa alikuwa ameshaanza kunyoosha mikono. Nilijua kwamba nikinyamaza, Umm Nasir atajua. Nikisema uongo na ndani yuko mwanamume, binti wa watu ataharibiwa jina, huyo wa ndani atalala polisi, Nakato atapandishwa ndege, na neno langu halitafaa tena hata kuuzia mchicha. Kichwa siwezi kukivua mbele ya watoto. Kumsemesha hawezi kujibu.

Nikaingia katikati. Mwili mzima. "Bunkoro ana usingizi!" nikasema.

"Ndiyo kwanza anatoka," alisema wifi.

"Hakulala vizuri," nikajibu, nikamgeuza yule mdoli kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo, nikamrudisha chumbani na kufunga mlango kwa ufunguo.

"Vua."

Hakusogea.

"Vua, au niite watu wa kukuvulia."

Akavua. Uso ulikuwa wa Nakato. Nawaambia ukweli, kwa kitambo kidogo niliona aibu, nikadhani nimemtesa msichana wa watu bure. Kisha nikaona ndevu.

"Nyabo, tafadhali," akasema, amelowa jasho mpaka kope. "Mimi ni Waswa. Nakato ni pacha wangu. Anaumwa homa mbaya, hawezi kusimama. Wakimkosa leo watamrudisha Uganda."

Kumbe kila Mganda akisikia jina Nakato anajua kuna pacha mahali fulani. Ndilo jina wanalopewa. Mimi Mtaita, nimelala naye bweni moja, nimekula naye sahani moja, sikuwahi kuuliza. Waswa alikuwa dereva wa gari la mizigo hapo hapo Lusail. Kimo kimoja, mabega karibu sawa. Alipewa kadi na dada yake, kadi yenye picha ya kitunguu, na mlangoni walimpisha wakimcheka, wakamfungulia na chumba, akajifunga vifungo vya mgongoni mwenyewe kwa kujipindapinda. Kitasa nilichosema hakipo, hakikuwepo.

"Unajua kuna nini pale nje?" nilimuuliza. "Unajua yule binti angekukumbatia?"

"Nilidhani ni watoto wadogo tu. Nakato aliniambia ni watoto." Akaunganisha ile mikono ya manyoya. "Mimi nipeleke, nyabo. Sema niliiba kadi. Lakini Nakato usimtaje, nakuomba. Usimtaje."

Nilikuwa na redio mkononi, kidole juu ya kitufe. Mnanijua. Sijawahi kuona kitu nikakiacha bila kukiripoti. Na huyu alikuwa hatari kweli, si ya kubuni. Nilimhurumia na nilitaka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

Mlango ukafunguliwa. Bi Ogawa alikuwa na ufunguo wake.

Alituona. Mwanamume aliyevaa mwili wa Bunkoro, kichwa cha Bunkoro sakafuni, mlinzi na redio. Nilisubiri apige kelele. Hakumtazama Waswa kabisa. Alipita kando yake kama mtu anayepita kiti, akainama, akakiokota kichwa, akakipangusa vumbi kwa kiganja. "Bunkoro amechoka," alisema. Kisha akavua viatu vyake, akavipanga ukutani, akaanza kufungua vifungo vya koti.

Nilimtoa Waswa kwa mlango wa taka. Niliporudi, Bi Ogawa alikuwa ameshavaa mpaka shingoni. Aliniambia, akinigeuzia mgongo nimfunge, kwamba ndiyo ilikuwa kazi yake tangu usichana. Alicheza majukwaani kwenye viwanja vya watoto, na kwenye televisheni ndani ya madude ya mpira yanayobomoa miji. Aliwahi kuanguka kutoka jukwaani na kuvunjika mbavu, akaamka na kupunga mkono, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama. Jina lake halikuandikwa mwishoni mwa kipindi hata kimoja.

"Hukuona vibaya?" nilimuuliza.

"Nani?" akasema, akaniomba kichwa kwa ishara.

Mpaka leo sijui alimwokoa Nakato au alimwokoa mdoli. Watu wananiambia ni vyote viwili. Labda. Nilimwekea kichwa, nikakaza, tukatoka, na hapo niliona mwendo wa Bunkoro jinsi ulivyokusudiwa. Watoto walipiga mayowe. Walioniuliza niliwajibu jibu langu, na lilikuwa kweli tena. Lakini Umm Nasir hakuwepo. Alikuwa ameondoka na binti zake wote.

Katika ripoti niliandika kwamba mlinzi hakuridhika na uvaaji wa mdoli, mdoli akarudishwa, uvaaji ukarekebishwa. Someni tena. Hakuna uongo hapo.

Jioni nilimkuta Nakato bwenini Umm Salal, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Nilimpa uji, kisha nikampa maneno. Nilimwambia angenieleza, tungetafuta njia.

"Ningekueleza," alisema, "ungeandika."

Nilimwambia anywe uji.

Homa ilipomwachia alirudi kazini, na kabla hata sijamfunga vifungo, Kiprono aliniita redioni. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Mathe, kuna madam hapa anakutaka. Amesema asipokuona wewe anaenda ofisini kwa mudir, bosi mwenyewe."

Alikuwa Umm Nasir, peke yake. Binti zake aliwaacha kwenye viti karibu na bomba la maji, ninawaona. Alizungumza polepole, kwa Kiarabu chepesi, ili nisipate kisingizio cha kutoelewa.

"Siku ile ulituweka kando. Kwa nini?"

"Niliona kitu sikukipenda," nilisema.

"Ndani alikuwa nani?"

Ningeweza kumjibu kwa amri ya Wajapani. Nilimtazama, nikaona mtu wa kabila langu, mtu ambaye hawezi kulala na mlango usiofungwa. "Mama," nikasema, "sikuwa nimemvalisha mimi. Ndiyo maana nikamtoa kabla hajamgusa mtu. Hakuna binti aliyeguswa, si wako wala wa mwingine."

"Na leo?"

"Leo namvalisha mimi."

"Neno lako lilinitosha," alisema Umm Nasir. "Sasa halinitoshi. Nataka kumwona kwa macho. Kama haiwezekani, nitaenda ofisini, nao waulize wanavyojua wao."

Nao wangeuliza. Wangeita ajensi, ajensi ingemtafuta aliyevaa siku ile, na yangetoka yote. Nilimpeleka mpaka korido, nikamwacha hapo, nikaingia chumbani.

Nakato alikuwa ameketi, mwili wa Bunkoro umemfika kiunoni, uso bado umesinyaa kwa ugonjwa. Bi Ogawa alikuwa anapiga brashi lile jani. Nikawaeleza wote wawili. Nakato aliweka mkono mdomoni. Mtu wa nje kumwona aliye ndani, jambo hilo halikuwa na jina katika kazi ya Bi Ogawa. Ilikuwa kama kumwambia padri kwamba wateja wanataka kuonja mkate wa madhabahuni.

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa hapana yake, na nilikuwa nimeshapanga maneno ambayo yangenifukuzisha kazi.

"Siwezi kuruhusu," alisema mwishowe. Akaweka brashi chini, akainuka, akaenda mpaka ukutani, akasimama uso umeelekea ukuta, karibu kabisa, mikono kando. "Sioni kitu," akasema.

Nikamfungulia Umm Nasir.

Alisimama mlangoni na kumtazama Nakato kuanzia nywele mpaka ile miguu ya manyoya. Hakuharakisha. Aliona jasho shingoni, chupa ya maji ya chumvi, upele mwekundu ambapo kola ilikuwa ikimkwaruza mabega. Aliona pia mgongo wa Bi Ogawa ukutani, wala hakuuliza.

"Jina lako nani?" alimuuliza Nakato.

Msichana wa watu akamtazama Bi Ogawa. Miezi yote ile alikuwa amefundishwa kutokuwa na jina, na hakuthubutu. Ule mgongo haukusogea.

"Nakato," akasema kwa sauti ya kuiba.

"Binti wa nani?"

Hapo nilimwona Nakato akibadilika. Aliinuka, ameshikilia lile tumbo la manyoya lisimwanguke, akanyoosha shingo. Kwao, baadaye aliniambia, mtu akiulizwa swali hilo hajibu nusu.

"Mimi ni Nakato, binti wa Yozefu," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu. "Yozefu ni wa Erisa. Erisa ni wa Zakariya. Zakariya ni wa Yokana, aliyezikwa Masaka. Sisi ni ukoo wa Nyati."

Umm Nasir alisikiliza mpaka mwisho, kama watu wanaosikiliza jambo linalostahili kusikilizwa. Kisha naye akaweka mkono kifuani, akajitaja: jina lake, la baba yake, la babu yake, na wa nyuma yao, mpaka akafika kwa kabila lake. Lilikuwa refu. Hakuna aliyemkatiza.

Alipomaliza alinigeukia mimi.

"Mvalishe," akasema, akatoka kwenda kuwaita binti zake wapange foleni.